Maneno Manne ya Katekista

Mimi nimekimbia mara moja tu maishani, nikiwa mgongoni mwa mama, na tangu hapo sijaona sababu ya kurudia. Wako watu hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda, ambao kila wiki utasikia wako Mbarara, kesho Kakiika, keshokutwa wamefika Kampala kuulizia jambo. Mimi niko mlangoni pangu, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, nachaji simu za watu kwa sola. Ndiyo maana Katekista aliniita Mwenyekiti. Wageni walidhani nina cheo, naye akawaacha wadhani.

Jina lake nalijua, kama kila mtu wa mtaa wetu anavyolijua, lakini sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Alikuwa Katekista kwa Warundi wenzetu wa misa ya Jumapili, na alikuwa Katekista vilevile kwa Wakongo wa makanisa ya ngoma, ambao wakikutana naye njiani walimsalimia kwa cheo hicho na kuendelea na imani yao. Naona nimeandika "alikuwa". Yuko hai. Nitajitahidi, lakini msishangae nikiteleza tena.

Alitufundisha kwa vidole, na si vyake bali vyetu. Anashika mkono wako, anauliza swali, ukijibu sawasawa anakikunja kidole chako kimoja kwenye kiganja. Ukikosea anakifungua tena, polepole, kwa huzuni kabisa, mpaka unaona aibu mbele ya kidole chako mwenyewe. Vikishakunjwa vyote vinne, anakileta kidole gumba juu yake, na hapo mnasema Amina pamoja. Bila gumba somo halijaisha. "Sasa nenda nalo nyumbani, usifungue njiani." Basi jioni ungetukuta watoto wa mtaa mzima tunarudi tumefumba ngumi. Usingetujua ungedhani tunakwenda kupigana, kumbe tumebeba sakramenti.

Karatasi hakuiamini. Si kwamba hakujua kusoma; alisoma, na Kifaransa chake kilikuwa cha kunyooka kama suruali yake ya Jumapili. Alisema tu kwamba njiani, wakati wa kukimbia, aliona vyeti vya ubatizo na vya ndoa vimekanyagwa kwenye matope kama maganda ya ndizi. "Bon," alikuwa akisema, "niliona watu waliodondosha vyeti, sufuria, hata viatu. Sikumwona aliyedondosha Baba Yetu." Kwa hiyo kwake kitu cha maana kilikuwa kile unachoweza kuvuka nacho mpaka wa nchi ukiwa mikono mitupu.

Mtu wa namna hiyo, utauliza, aliingiaje kwenye sarafu za mtandaoni? Aliingia kwa video.

Mtoto wa dada yake, aliyepelekwa kuishi ng'ambo, alikuwa amemtumia simu yenye kioo kikubwa. Katekista akaanza kuja kwangu kuichaji, na kwa kuwa kuchaji kunachukua muda, akawa anaitazama papo hapo, imeegeshwa kwenye dumu la maji. Alivaa koti. Nilimuuliza mara moja kwa nini anavaa koti kutazama simu, akasema mwalimu anapoongea mwanafunzi hakai na fulana. Na alimjibu yule wa kwenye simu. Kijana anasema, "Mko tayari ndugu zangu?" Katekista anasema, "Tuko tayari." Kijana anasema, "Fursa haimsubiri mtu." Katekista ananigeukia, "Umesikia, Mwenyekiti? Haikusubiri wewe."

Kijana huyo alikuwa na shati jeupe na gari nyuma yake. Katekista alimtumia thamani ya mbuzi wake, izaliane huko. Haikuzaliana. Kilichomuuma zaidi ya mbuzi ni kwamba video ilibaki palepale, na kila akiifungua kijana anauliza kwa furaha ileile kama wako tayari.

"Sasa angalau kaandike chini ya video kwamba ni mwizi," nikamwambia.

"Niliandika. Akafuta."

"Na waliomsifu?"

"Hao hakuwafuta." Akafikiri kidogo. "Ni homilia hii. Padri akihubiri, nani anainua mkono?"

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kuringa, maana mimi video sizipendi. Zinakula bando. Nilikuwa na jukwaa langu la majadiliano, maandishi matupu, ambalo hata rezo, yaani mtandao, ikiwa ya kuchechemea linafunguka, na ambalo linampa mtu kama mimi starehe kubwa kuliko zote: kusikiliza ugomvi wa watu wa dunia nzima bila kuinuka kwenye kiti. Kiingereza changu ni cha sekondari, kinatosha kuelewa mtu anapotukanwa. Nikawa namsomea. Mtu anauliza juu ya sarafu fulani. Wa kwanza anaisifu, wa pili anamuuliza wa kwanza amelipwa kiasi gani, wa tatu anaeleza kitu cha maana, wa nne anasahihisha kosa la wa tatu, na wa tano analeta habari za mke wake.

Mtu angetegemea Katekista alipende jukwaa, yeye aliyeishi kwa maswali na majibu. Alilichukia.

"Huyu anayejibu anaitwa nani?"

"Amejiandika Chura wa Dhahabu."

"Jina la ubatizo?"

"Mzee, huko hakuna ubatizo."

"Basi nimsikilizeje mtu asiye na jina wala uso? Kule kwenye video nilimwona macho."

"Ndiyo, na macho yale yamekula mbuzi."

Siku zilizofuata alikuja na koti lake, akanitaka nimsomee tena ya Chura. Tukaendelea hivyo muda mrefu, yeye upande wa uso, mimi upande wa ugomvi, kila mmoja akimcheka mwenzake. Na lazima niseme ukweli: jukwaa langu peke yake halikutufundisha hata kufungua pochi ya kutunzia sarafu hizo kwenye simu. Nilikuwa nimesoma habari za pochi hizo mpaka macho yakauma, lakini siku ya kuifungua nilibonyeza hapa, nikabonyeza pale, mpaka simu ikaanza kuongea Kichina. Ilikuwa video, ya msichana mmoja mpole asiye na gari wala ahadi, iliyotuonyesha kidole kiende wapi. Ndipo Katekista akatoa hukumu ambayo bado naikubali: "Mkono ujifunze kwenye video. Woga ujifunze kwenye jukwaa." Baadaye akaongeza nyingine: "Anayekujibu mbele ya watu, msikilize. Anayekuita pembeni, shika mfuko wako."

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alikataza bahati nasibu madhabahuni na akasahau mbuzi. Alihubiri subira, lakini video za watu aliziharakisha mpaka wakaongea kama kasuku, kwa sababu, alisema, wengi wao wana neno moja wanalizungusha. Alimwogopa mtu asiye na jina, naye mwenyewe, nilipomfungulia akaunti kwenye jukwaa, alijiandika Mbuzi wa Marehemu.

Sasa niwaambie kuhusu sanduku.

Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na kikundi, na kikundi kilikuwa na nia moja: mashine ya kusaga. Mahindi tunayalima, lakini kuyasaga lazima uyabebe kichwani mpaka Base Camp, penye mashine, upange foleni, na urudi na unga giza likikunyemelea. Akiba yao walikuwa wakiiweka kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, kama vikundi vyote, na funguo zinashikwa na watu watatu ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Ufunguo mmoja alikuwa nao Katekista. Wa pili alikuwa nao Mama Furaha, Mkongo wa Kivu ya Kusini, Mprotestanti wa kufunga na kuomba, muuza dagaa, mwanamke ambaye akicheka dagaa wanaruka kwenye sinia. Wa tatu nilipewa mimi, kwa sababu, alivyosema Mama Furaha, "Huyu hawezi kutoroka. Kutoroka kunaombaka mutu asimame."

Halafu baadhi ya wanakikundi wakapelekwa kuishi ng'ambo, na bado walitaka kuchangia mashine. Kutuma kwa simu kulikuwa na shida, maana laini zetu nyingi zimeandikishwa kwa majina ya watu wengine, na mtu huyo akihama, pesa inahama naye. Katekista akaeleza habari za dola ya mtandaoni, ile isiyopanda wala kushuka kama homa. Wanawake wakamuuliza maswali mpaka wakachoka. Wakakubali, na wakaamua hata ya kwenye sanduku iingie humo, iwe yote fasi moja.

Pochi ya namna hiyo ikifunguliwa inakupa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yasiyohusiana hata kidogo, kana kwamba mtu ametikisa kamusi. Simu ikipotea, maneno hayo ndiyo yanarudisha kila kitu. Msichana wa video alisema yaandikwe kwenye kipande cha chuma na chuma kifungiwe kabatini.

"Kabati la chuma!" Katekista alicheka. "Nivuke nalo mto?"

Wazo lake lilikuwa la sanduku. Kufuli tatu, watu watatu, maneno manne kila mmoja, mdomoni, bila karatasi. Alifunika kioo cha simu yake kwa kitabu cha nyimbo, akaacha mstari mmoja wazi, akamwita Mama Furaha. Halafu akaniita mimi. Akanishika mkono kama nilipokuwa mtoto, akanikunjia kidole kwa kila neno, akaleta gumba, tukasema Amina. Yeye mwenyewe alifumba macho kila mstari wetu ulipokuwa wazi. Mtu mwingine nisingemwamini. Yake ya mwisho alijikunjia peke yake, na kutoka siku hiyo, kila asubuhi baada ya rozari, ungemwona amesimama mlangoni mwake, midomo inakwenda, vidole vinakunjika.

Nililipeleka jambo hilo jukwaani. Mmoja akasema ni wazo zuri. Chini yake wakaja wengine, na nikamsomea Katekista wote mbele ya Mama Furaha: kugawa maneno ni hatari, kwa sababu mmoja akifa au akisahau, waliobaki hawana kitu.

"Mmoja akifa," akasema Katekista, "wawili wanamzika. Na mtu wa imani hafi ghafla, anaaga. Wakati wa kuaga mtaniuliza."

"Na mimi nikikufa?" akauliza Mama Furaha.

"Wewe utayaimba mpaka kaburini, wafu wote watayajua."

Tulicheka sana. Niliyapenda majibu yale. Ni leo tu ninapoona kwamba sanduku la bati lilikuwa na kitu ambacho hatukukihesabu. Mwenye ufunguo akipotea, kuna nyundo. Hili halina nyundo.

Katekista alikwenda Bwizibwera kuangalia mashine iliyotumika, ya mtu mmoja wa huko aliyetaka kuiuza. Aliipenda. Aliipiga picha upande wa mbele, wa nyuma, hata chini kwenye skrubu, atuonyeshe. Akirudi, kwenye kituo cha magari Mbarara, simu ikachukuliwa mfukoni mwa koti. Alifika kwangu akicheka kwa kujikaza. "Wameiba dumu, maji yako kwetu." Tulihitaji simu nyingine tu, tuketi watatu, kila mtu aseme yake.

Na hapa ndipo anaponiudhi mpaka leo. Kikundi kilikuwa tayari kumnunulia simu siku ileile. Angeweza hata kutumia yangu. Alikataa yangu kwa sababu watu wa mtaa mzima wanaishika ninapochaji zao, na hiyo ilikuwa busara. Lakini mpya nayo hakutaka ya haraka. Alitaka kwanza kutazama video za kulinganisha simu. Alikaa pale kwenye dumu na koti lake, akitumia simu yangu na bando langu, huyu anasema hii kamera, yule anasema hii betri. Nilimwambia, "Mzee, simu ni simu." Akasema, "Mwenyekiti, haraka ilinilia mbuzi."

Bado alikuwa hajachagua asubuhi alipoanguka mlangoni kwake, rozari mkononi, upande mmoja wa uso umeshuka. Walimpeleka hospitali ya Ruharo, Mbarara.

Mwanzoni kila mtu alilia kwa ajili yake. Halafu mahindi yakakauka shambani, na wanawake wakakumbuka mashine. Hakuna aliyetutukana. Walikuja tu, wakakaa, wakaniuliza kama kuna habari, wakaangalia mikono yangu. Mama Furaha ndiye aliyebeba mzigo, kwa kuwa yeye hutembea.

"Mwenyekiti, batu bananiuliza ku kila bomba. Nitabaambia nini?"

"Waambie anapata nafuu."

"Nilibaambia. Sasa banasema tulikula franka ya kikundi, halafu tunasingizia mugonjwa. Weye unakaaka tu pa kiti, hausikie."

Nikaingia jukwaani. Nikauliza, bila kutaja jina la mtu, kama maneno manane yanaweza kufungua pochi ya kumi na mawili. Wakajibu wengi, na kwa mara ya kwanza hawakugombana: likikosekana moja, mtu mwenye kompyuta anaweza kulitafuta, yakikosekana manne, zika. Chura wa Dhahabu aliandika pole. Halafu ukaja ujumbe wa faragha, wa mtu mwenye upole mwingi, akisema anafanya kazi ya kurudisha pochi zilizopotea, nimtumie hayo manane tu, hana shida na malipo. Siku hiyohiyo simu ikaniletea video yenyewe, sikuitafuta: kijana mwingine, shati lingine jeupe, kazi ileile.

Mama Furaha aliutazama ujumbe kwa muda mrefu. "Na kama ni mutu wa kweli?"

"Ametuita pembeni, mama."

"Banamuke bananitazama sawa mwizi," akasema, na hakucheka. "Minachoka." Lakini maneno yake manne hakuyasema.

Kuhusu ugonjwa pia nilisoma kotekote. Video ya daktari ilinionyesha ubongo wa rangi mbili, mzuri, sikuelewa. Kwenye jukwaa la watu wanaouguza wazee wao, mwanamke mmoja aliandika kwamba baba yake hawezi kuomba maji lakini nyimbo za zamani anaziimba hadi mwisho. Umwanzishie tu, umwachie amalizie. Nilimsomea Mama Furaha. Akasimama palepale. "Basi twende tumuanzishie."

Hivyo ndivyo mimi, mtu wa mlangoni, nilivyopanda gari mpaka Mbarara, nikatapika njiani, pale Isingiro, nikafika Ruharo nikiwa mgonjwa kuliko wagonjwa.

Alikuwa kitanda cha karibu na dirisha, wodi imejaa, kila kitanda na ndugu zake chini kwenye mkeka. Alituona. Jicho moja lilijaa machozi, jingine lilibaki linatutazama tu. Nilimsalimu, akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyo neno. Akajaribu tena, akakasirika, akageukia ukuta.

"Bambi, tafadhali, msimchokoze," akasema muuguzi, msichana Mnyankore mwenye sauti ya chini. "Yeye anasikia yote. Kusema ndiko bado. Nyinyi mwanzishieni sala, mtaona."

Mama Furaha, Mprotestanti wa kufunga na kuomba, akaanza Baba Yetu. Katekista akageuka. Akaipokea katikati, na ikatoka nzima, safi, Kiswahili cha kanisani kila silabi mahali pake, mpaka Amina. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia. Nilimwangalia Mama Furaha, naye akaniangalia. Tulikuwa tumepanga njiani: yeye aseme yake manne, mimi niendeleze yangu, halafu tunyamaze, tumwachie nafasi yake.

Akainama karibu naye, akasema neno lake la kwanza.

Mkono mzima wa Katekista ukaruka kutoka kwenye blanketi ukamziba mdomo.

Hakumpiga. Alimziba tu, kiganja chote, na jicho lake lile zima likazunguka wodi: ndugu kwenye mikeka, kijana dirishani na simu yake, muuguzi, mlango. Likarudi kwetu likiwa kali kama zamani, jicho la mtu anayeuliza ni nani aliyewafundisha kusema sala hii barabarani. Mama Furaha alianza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, chini ya kile kiganja, machozi yakimtiririka mpaka kwenye vidole vya mzee. "Anajua," alisema alipoachiliwa. "Mwenyekiti, anajua yote!"

Halafu Katekista akautafuta mkono wangu.

Aliushika kwa ule mzima, akaufungua juu ya blanketi. Midomo yake ikaanza kwenda, bila sauti, upande mmoja tu. Akakunja kidole changu cha kwanza. Akangoja, kana kwamba ananipa nafasi ya kukariri. Niliinamisha sikio mpaka nikasikia harufu ya dawa na pumzi yake, pumzi tu. Akakunja cha pili. Mama Furaha aliitazama midomo ile asipepese, lakini Kiingereza hakisomeki kwenye nusu ya mdomo. Cha tatu. Cha nne akakikunja polepole zaidi, akakibonyeza, na akaniangalia kwa raha ya mwalimu aliyemaliza somo gumu.

Nikangoja gumba.

Alilishika. Alijaribu. Mkono ulikuwa umechoka, ukateleza, ukalala juu ya blanketi, na macho yakafumba. Muuguzi akasema tumwache apumzike, na kwamba sauti huwa inarudi kwa wengine, si kwa wote, asitudanganye.

Tukirudi, pale Isingiro, Mama Furaha alinipa mfuko wa nailoni kabla sijauomba. Gari lilipotushusha, wanawake walikuwa wametungojea, wamekaa juu ya magunia yao ya mahindi, na wa mbele akainuka.

"Amesema?"

Mama Furaha akaniangalia. Ndipo nilipoona kwamba tangu Ruharo nilikuwa bado nimefumba vidole vinne, kama mtoto anayetoka mafundisho, na gumba limesimama peke yake.